Nyuma Yake Umesimama Upepo

Wierzbiniec, Jumapili, 21 Februari 1971

Kaka Zenek mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo.

Sisi sote wazima. Alhamisi mama alikaanga maandazi ya kumalizia mafuta kabla ya Kwaresima, baba akala mengi mno, akalala kwenye benchi la jikoni akisema hii ndiyo maana Kanisa likaweka mfungo. Ziwa Gopło bado lina barafu. Kunguru wadogo, wale wa shingo ya kijivu, wamerudi dirishani kwangu. Nawapa mkate asubuhi kabla ya basi la shule. Baba analalamika: "Huyu mtoto anawalisha ndege chakula cha watu." Ni kipande changu lakini, si chake.

Barua yako nimeipata. Umeandika, "Bogusia, niokoe tena, chama kizima cha makapera kinaniangalia mimi." Nitakuokoa. Nimeshaanza.

Nikwambie ukweli, napenda kazi hii ya kukutungia beti kuliko kazi zote za shule. Jioni ya Pasaka unapopanda ngazi pale kwa mhunzi, ukaanza kumtaja kila msichana asiyeolewa, na ndoo ngapi za maji makapera watammwagia Jumatatu, na nani amesimama nyuma yake kama mdhamini, mimi huwa nimesimama chini kabisa, kati ya akina mama, nikitazama viatu vyangu ili uso wangu usitoe siri. Mwaka jana bibi wa posta alifuta machozi akasema, "Kijana wa Kaczmar huyu, kipaji amezaliwa nacho." Nilitazama viatu kwa nguvu sana.

Sijali. Mwanamke hapandi ngazi, na neno la mwanamke halipandi, ndivyo ilivyo tangu enzi za mababu. Lakini mwaka huu nimetimiza miaka kumi na sita, kaka. Mwaka huu nami nitatajwa.

Unanijua. Mwalimu akinisimamisha darasani, ninachokijua chote kinakimbia kama kuku mbele ya gari. Watu wa hapa hawajawahi kusikia kutoka kwangu zaidi ya "habari za asubuhi". Nataka mara moja tu wasikie jambo la kweli juu yangu, na liwe kwa maneno yangu. Nitajitungia ubeti. Wewe utausema, kisha utasimama nyuma yangu, maana kaka anaruhusiwa, na mtu mwingine wa kunisimamia sina.

Ni hilo moja tu ninaloomba. Kwa beti zile nyingine zote sikuwahi kuomba kitu.

Mdogo wako akupendaye,
Bogusia


Kambini, 7 Machi 1971

Dada'angu msomi,

Nakuomba kwa magoti, achana na "Tumsifu" mwanzoni mwa barua. Sajini amefungua barua yako akasoma mstari wa kwanza mbele ya wote. Bahati yangu ni mvivu, hakuendelea. Ila sasa nikiingia bwaloni kikosi kizima kinaniitikia: "Milele na milele, amina!" Mpishi naye ananibariki kwa upawa.

Kuhusu ubeti wako: umepata. Swali gani hilo? Nitausema mpaka panya waliomla mfalme Popiel wausikie kule mnarani kwao. Na nyuma yako nitasimama mimi, Zenon Kaczmar, mita moja na themanini na tano bila buti. Neno la askari.

Likizo ya Pasaka nimepewa. Sasa sikiliza. Ubeti wa Halina, yule binti wa mpiga kinanda, utie chumvi kidogo. Si kwamba kuna jambo. Nasema tu.

Na kuwa mwangalifu. Krismasi ile, Walenty mwenyekiti alinivuta pembeni. "Zenek," akaniambia, "beti zako siku hizi zinanuka sketi." Nikacheka. Yeye hakucheka. Unajua akipata hakika kwamba mwanamke ametia mkono, nimeondoka chamani na ngazi nimeiaga. Kwa hiyo mdomo kufuli, hata kwa mama.

Wasalimie kunguru wako.

Kaka yako,
Zenek


Wierzbiniec, 28 Machi 1971

Kaka Zenek mpendwa,

(Ile "Tumsifu" nimeisema kimoyomoyo.)

Karatasi ya pili ina beti zote. Zisome kwanza ukiwa peke yako, kisha uziseme ukitembea, maana ukikaa unaharakisha. Ule wa Wanda wa kiwandani una mzaha wa viazisukari. Ngoja wacheke ndipo uendelee. Ubeti wa Halina unasema akicheka, mabata wa padri ng'ambo ya barabara humwitikia. Nimewasikia mwenyewe. Hatakasirika, ni mtu wa kucheka.

Wangu huu hapa. Nimeufuta na kuuandika upya mara nyingi kuliko zote zikijumlishwa:

*Yupo mwana dirishani, kunguru awagawia,*
*Mkate wa kiganjani, naye njaa yamjia,*
*Mpole yuko kimyani, machoye yasimulia,*
*Ndoo mia mlangoni, kaka amsimamia!*

Kwenye "kimyani" usipite mbio. Vuta pumzi pale, waache wakae nalo kidogo.

Najua ndoo mia ni majivuno. Lakini wote hujivuna ngazini, na mimi nimejivuna mara hii tu.

Mama amenitolea lile gauni lake la zamani la bluu kwa ajili ya Jumatatu. Anasema lisilowane la Jumapili. Nimelijaribu. Linanitosha.

Bogusia wako


Wierzbiniec, Jumatano, 14 Aprili 1971

Kaka Zenek,

Uliondoka bila kuniaga. Mama anasema treni ilikuwa ya mapema.

Wewe ulikuwa juu, kwa hiyo hujui jinsi inavyosikika ukiwa chini. Nikueleze. Unapomaliza kumtaja mtu, watu humgeukia, wote kwa pamoja, kama shamba la ngano likipigwa na upepo. Ulipomaliza Wanda, walimgeukia Wanda. Kisha nikasikia jina langu, nikainua macho kutoka kwenye viatu. Nilikuwa nimejiahidi kwamba mwaka huu nitainua macho.

*Ni Bogusia wa vitabu, kavu kama karatasi,*
*Maji kwake ni adhabu, wino utatoka kasi,*
*Wa kumtaka ni tabu, na mbwa ana wasiwasi,*
*Tumehesabu hesabu, ndoo hakuna, ni basi!*

Halafu ukauliza, "Na nyuma yake amesimama nani?" Ukaweka mkono sikioni. Ukangoja. Nilidhani unangoja ili useme jina lako. Ukasema, "Upepo! Nyuma yake umesimama upepo!"

Hata bibi wa posta alicheka. Walenty alicheka mpaka akashika ngazi.

Ubeti wa Halina, ambaye wewe humtaja wa mwisho, sikuusikia. Nilikuwa nimeshafika nyuma ya banda la mhunzi, na mimi nikilia masikio huziba.

Jumatatu nililivaa lile gauni la bluu hata hivyo. Niliwaza, beti ni mzaha tu, vijana watapita. Nilikaa jikoni karibu na mlango. Nilisikia kwa Wanda wakipiga kelele, nikasikia ndoo zikigongana pampuni, wakaja barabarani kwetu, wakapita. Mmoja alisema, "Hapa hapana, hapa pakavu," wakacheka wakaenda. Baba alijifanya anasoma gazeti. Baadaye akasimama akachukua kikombe, akanijia na maji kidogo, akasema, "Basi mimi nikunyunyizie, mwanangu, usibaki hivyo." Nilimkimbia. Mama akasema, "Vua hilo gauni, linakunjika bure."

Kaka, labda karatasi yangu ilipotea. Labda ilikuwa hivyo, na Walenty akakuletea ule mwingine dakika ya mwisho ukakosa la kufanya. Kama ni hivyo niambie tu, nitaelewa.

Bogusia


Kambini, 23 Aprili 1971

Bogusia, mdogo wangu,

Ndiyo hivyo hasa ilivyokuwa. Una akili wewe. Kwenye treni kulivuja, karatasi ikalowa, wino ukawa uji. Zile beti nyingine nilikuwa nimeshazishika kichwani, wako nilikuwa nimeuacha wa mwisho ili niushike vizuri zaidi. Walenty akaja na ule wake. Ningefanya nini, nisimame kimya ngazini kama mnara?

Nawe usiufanye msiba. Wanda aliambiwa miguu yake ni viazisukari na bado anakula vizuri. Mzaha wa ngazi ni mzaha wa ngazi, Jumanne umekwisha. Mwaka ujao nitakupa ndoo mia mbili.

Sasa habari njema, ila usimwambie mama, nataka nimwambie mwenyewe: mimi na Halina tumekubaliana. Jumatatu ile nilienda kwao na ndoo alfajiri, nikammwagia hadi mama yake akanikimbiza na ufagio. Vuli ninamaliza jeshi, na vuli tunafunga ndoa. Utapata wifi! Furahi basi.

Zenek


Bydgoszcz, bwenini kwa wanafunzi wa uuguzi, 9 Mei 1971

Wifi yangu mtarajiwa,

Usishtuke kupata barua yangu, najua hatujawahi kuongea zaidi ya "shikilia mlango". Zenek amesema tayari amekwambia. Basi mimi ni Halina, yule anayecheka, na nitakuwa nakaa kwenu jikoni nikikusumbua usome kwa sauti, kwa hiyo bora tuanze kuzoeana.

Kwanza kabisa niombe radhi. Siku ile ya ngazi nilicheka kwenye ubeti wako. Baadaye nikaona umeondoka, nikajisikia vibaya, nikamuuliza Zenek. Akanitoa wasiwasi, akasema wewe mwenyewe ndiye uliyemwomba akutanie, kwamba ninyi wawili mna mizaha yenu ya siri tangu utotoni. Nikasema ahaa. Mimi sina kaka, sijui mambo hayo. Lakini kama ningekuwa mimi, ningemshusha ngazini kwa sikio!

Sasa shida yangu. Nataka kudarizi kitambaa cha kutundika ukutani juu ya jiko, kama cha mama, ila badala ya "Maji safi nyumbani, afya mwilini" niweke ubeti wangu. Ule ndio ulionifanya nikubali, nikuambie siri. Vijana wengi wamenisifu nywele. Huyu akasema kitu kingine kabisa. Mkono wangu wa kudarizi ni wa kutia aibu, na Zenek anasema wako ni wa ajabu. Utanidarizia? Huu hapa, nimeuandika kama nilivyoushika:

*Yupo mwana dirishani, kunguru awagawia,*
*Mkate wa kiganjani, naye njaa yamjia,*
*Mpole yuko kimyani, machoye yasimulia,*
*Ndoo mia mlangoni, Zenek amsimamia!*

Na wewe ndiye msomi, nisaidie. Mimi kunguru nawaogopa tangu mmoja aliponidonoa kichwani mbele ya kanisa, kijiji kizima kilishuhudia. Na mpole wa kimya? Mimi?! Bibi yangu alisema nilizaliwa nikiongea. Nilimuuliza Zenek, akasema, "Hiyo ni lugha ya kishairi, huwezi kuelewa." Wenzangu bwenini wanasema kunguru ni majonzi ya moyo wangu. Nikawaambia majonzi yangu ni mtihani wa mifupa. Wewe wasemaje, kunguru hapa ni nini?

Ninakuja Wierzbiniec sikukuu ya Ekaristi, kwenye maandamano. Tutaonana.

Wifi yako (karibu),
Halina


Wierzbiniec, 16 Mei 1971

Zenon,

Halina ameniandikia. Ameniomba nimdarizie ubeti wake.

Kwa hiyo karatasi haikulowa. Neno moja tu ulilibadilisha, lile la "kaka". Na ule mwingine haukuwa wa Walenty. Nimemuuliza mama yake Walenty kisimani, kwa kuzungukazunguka, kama mtoto wake hutunga beti. Alicheka. "Walenty wangu? Hata kadi ya sikukuu ananiandikisha mimi." Ule ubeti ni wako. Miaka mitatu umeniambia huna vina, vina vinakukataa, kichwa chako ni gogo. Kumbe unaweza. Una mizani kamili, nimehesabu. Ubeti wa pekee uliowahi kuutunga maishani mwako, na ulikuwa huo.

Na ukamwambia Halina kwamba mimi ndiye niliyeomba.

Kutoka dirishani kwangu siku za anga safi naona mnara wa panya ng'ambo ya ziwa. Tangu utotoni tunasimuliwa jinsi Popiel alivyowaalika ndugu za baba yake mezani, akawapa divai yenye sumu, akawatupa ziwani, na panya wakatoka kwenye maiti zao wakamla yeye. Watoto wote huuliza juu ya panya. Mimi siku hizi nawafikiria wale ndugu mezani. Walikunywa bila kunusa. Kwa nini wanuse? Kikombe kilitoka mkononi mwa mtu wa kwao.

Na mimi ndivyo. Nilikuandikia "labda karatasi ilipotea", nikakuwekea mlango wazi ili utoke na heshima yako, nawe ukatoka humo ukiwa umebeba kitu changu kwapani.

Mwambie Halina mwenyewe, kabla ya Ekaristi. Sitaki kitu kingine.

Bogumiła


Kambini, 24 Mei 1971

Bogusia,

Usiniite Zenon, mama tu huniita hivyo akishika mwiko.

Haya, nakiri. Ule ubeti niliutunga usiku wa kuamkia Pasaka. Lakini sikiliza kwa nini. Nilipofika Jumamosi Kuu, Walenty alikuwa akinisubiri stesheni. Akasema, "Kesho nitasikiliza kwa makini sana, hasa ukimtaja dada yako." Alikuwa karibu kabisa kujua. Nikawaza, hakuna mtu duniani anayejitukana mwenyewe mbele ya kijiji. Nikikutandika wewe sawasawa, hakuna atakayeamini kwamba wewe ndiye unayetunga. Na imekuwa hivyo! Walenty alinikumbatia akasema, "Nisamehe, nilikudhania vibaya." Kwa hiyo nilikuwa ninatulinda sote wawili.

Na ule ubeti wako mzuri, ungeozea mfukoni? Nilimwona Halina pale chini, na ule wa mabata ukaonekana wa kitoto. Midomo ikasema yenyewe.

Nikimwambia sasa, ataniacha. Hujui alivyo, anacheka cheka lakini uongo hausamehe. Na chama kitanifukuza, na baba ataonekana mtu wa nyumba ya waongo. Yote hayo kwa sababu ya mistari minne? Wewe utatunga mingine, bora zaidi, una kichwa. Mimi Halina mwingine sipati.

Sisi ni damu moja. Mdarizie tu hicho kitambaa, mwambie kunguru ni mapenzi au chochote mnachosema ninyi wasomi.

Na, naona haya kuomba wakati huu, lakini nimwombe nani? Harusini, wakati wa kumvua bibi harusi shela, bwana harusi hutakiwa aseme beti. Chache tu. Za kuchekesha na moja ya kuliza. Ukipata nafasi.

Kaka yako daima,
Zenek


Wierzbiniec, 30 Mei 1971

Mpendwa Halina,

Kitambaa hiki hapa. Nimetumia uzi wa bluu, na pembeni nimeweka tawi la mwerebi, ule mti wa kando ya ziwa, kila kona. Ubeti nimeudarizi kama ulivyotungwa.

Umeniuliza kunguru ni nini. Ni kunguru. Wana shingo ya kijivu na macho meupe, na wanakuja dirishani kwangu asubuhi. Ukija Ekaristi, unaweza kuwaona kwa mbali. Hawajawahi kunidonoa.

Kwa heshima,
Bogumiła Kaczmar


Wierzbiniec, Jumatatu, 14 Juni 1971

Zenek,

Mama atakuandikia yake, na Halina bila shaka ameshakuandikia yake. Hii ni yangu, ili usisikie kutoka kwa watu.

Kwenye kitambaa cha Halina nilibadilisha neno moja tu, kama ulivyofanya wewe. Nilirudisha "kaka". Lilimtosha, mengine yote akayaunganisha mwenyewe.

Alhamisi, maandamano yalipokwisha, watu walikuwa wamesimama kwa mhunzi wakinywa maji pampuni, maana jua lilikuwa kali. Mimi nilikuwa bado na utepe wa bendera ya kanisa mkononi. Halina akatoka katikati ya watu, uso mwekundu, hacheki. Akachukua ndoo, akaijaza, akanijia, akanimwagia yote. Kichwani. Kisha akarudi akajaza ya pili.

Mama yake akapiga kelele, "Halina! Umerukwa na akili? Pasaka imepita!"

"Kwake huyu imechelewa," akasema, akanimwagia na hiyo.

Walenty akaja mbio akiwa amevaa mkanda wa maandamano. "Hebu acheni! Mwanamke hammwagii mwanamke, si desturi."

"Na mwanamke kutunga beti si desturi," Halina akasema, "lakini mwaka wa tatu huu unapiga makofi."

Walenty akanitazama, nikimwagika maji kama paa la nyumba. Akauliza, "Ni kweli?" Na wote wakanigeukia, kama ngano, vilevile nilivyokueleza.

Nilitaka kutazama viatu vyangu. Nilivitazama. Vilikuwa vimejaa maji. Kisha nikainua macho nikasema ubeti wangu. Sauti ilikuwa ndogo, mtu nyuma akasema, "Kwa nguvu, mwanangu, hatusikii," nadhani ni bibi wa posta, nikaanza upya. Kwenye "kimyani" nilipaswa kuvuta pumzi. Sikuvuta, nilipita mbio. Nikafika "ndoo mia mlangoni", na pale nikanyamaza. Kile kipande cha mwisho sikukisema. Sikutaka kusema uongo mbele ya watu mara ya kwanza nilipofungua mdomo.

Wakangoja. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye pindo la gauni langu. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyesema "upepo".

Walenty akavua mkanda wake akaukunja. Amesema chama kitakaa Jumapili ijayo. Sijui watakufanya nini, wala sikuwaomba wakufanye kitu.

Halina alikuja nami nyumbani kukausha nywele. Mama alimkaribisha mkate na siagi. Nikamuuliza kama bado nimwite wifi, akasema, "Hilo sijalijua bado, usinisukume. Kunguru wako wako wapi?" Nikamwonyesha. Alisimama nyuma kabisa karibu na jiko, amefunika kichwa kwa sufuria, akawa ananirushia vipande vya mkate ili mimi ndiye niwape. Baba alituona. Mara hii hakusema kitu juu ya chakula cha watu.

Umeniomba beti za harusi. Kama harusi ipo, tunga mwenyewe. Nimekusikia ngazini, na unaweza.

Bogumiła